Usipige, Fuata Alama

Tangu mvua ile, kila nikikutana na mmoja wenu, iwe kanisani, saluni au kwenye foleni ya maji, naulizwa swali lilelile: ilikuwaje ukatoka River Road kwa miguu mpaka Kileleshwa? Naanza kusimulia, mara mtu anaitwa, mara watoto wanaingia, hadithi inakatikia njiani. Nimeamua kuiandika yote. Mwenye haraka anaweza kuruka mpaka Kileleshwa, lakini akifanya hivyo hataelewa kwa nini nilifika kule nikiwa tayari kumkaba mtu shati badala ya kumshukuru.

Kwa wasiotujua: mimi ni Nduku. Nafanya kazi kwenye duka la kuchapisha River Road, katikati ya Nairobi, kadi za harusi, programu za mazishi, mabango ya krusedi. Naishi Mountain View. Mumbua ni mdogo wangu, wa mwisho kwetu. Anafanya kazi ya nyumba Kileleshwa, na chumba chake kiko nyuma kabisa ya fleti, chini, karibu na ukuta unaopakana na kijito.

River Road

Mvua ilianza kabla ya saa ya chakula. Mwanzoni tuliicheka, kwa sababu ilimkuta mhubiri wa kona yetu katikati ya maombi na spika yake ikazimika. Baadaye maji yakaanza kushuka barabarani yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yakibeba ndala, maboksi na vitunguu vya watu. Tukapandisha karatasi zote kwenye rafu za juu. Nilikuwa nimesimama juu ya stuli nikiwa na rimu mikononi, simu ikalia mfukoni.

Namba ilikuwa ngeni. Ujumbe ulisema hivi:

"Usipige simu. Chaji imebaki kidogo. Niko na Mumbua, maji imetuzunguka, simu yake imezama. Kuja na watu. Fuata hii alama."

Chini yake kulikuwa na kiungo cha ramani. Nilipokifungua, alama nyekundu ikatua Kileleshwa.

Ninyi mnanijua. Mimi ni mtu ambaye akiambiwa na benki "habari ya asubuhi" huuliza kwanza ni benki gani. Nilishuka kwenye stuli nikausoma tena. Usipige simu. Ni nani asiyetaka kupigiwa simu? Ni tapeli, maana sauti yake itamuumbua. Halafu, kama mtu amezungukwa na maji Kileleshwa, kwa nini amwandikie mwanamke aliye River Road, upande wa pili wa mji? Tena hakuomba pesa. Hilo ndilo lililonitia shaka kuliko yote, kwa sababu asiyetaka pesa zako anataka kitu kingine.

Nikampigia Mumbua. Mteja hapatikani. Nikampigia mwajiri wake, ambaye siku hiyo alikuwa Mombasa kikazi.

"Mumbua?" akashangaa. "Leo si ni siku yake ya ofu? Aliniambia anakuja kwako."

"Hajafika kwangu, madam."

"Ngoja niulize msimamizi wa jengo." Akanirudia baada ya muda mfupi. "Anasema huko nyuma kumejaa maji lakini watu wote walitoka. Hakuna mtu kwa vile vyumba. Labda yuko njiani anakuja kwako."

Basi nikawa na habari mbili zinazopigana. Nikaiandikia ile namba: "Wewe ni nani?"

Jibu likaja: "Wafula. Soja wa geti hapa."

Nikapiga. Iliita mara moja tu. Nilisikia kishindo cha maji, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya bomba, kisha sauti ya mwanamume ikafoka, "Nimesema usipige!" Ikakatika.

Nikaamua kumtega. Nikaandika: "Muulize Mumbua mbwa wetu wa nyumbani anaitwa nani." Mbwa wetu wa Mbooni anaitwa Bosi, na hakuna tapeli wa Nairobi anayeweza kulijua hilo.

Nikangoja. Kimya. Nikaendelea kungoja huku maji yakipanda ngazi ya kwanza ya duka. Kimya kilekile. Nikavua viatu vya kazi, nikavaa ndala za bafu zilizokuwa nyuma ya mashine, nikatoka. Nilijiambia kwamba kama ni mwongo, nitamkuta kwenye hiyo alama yake na atanieleza. Upande wa pili wa wazo hilo sikuuruhusu uingie kichwani.

Kukata Mji

Magari hayakuwa yakienda popote. Watu walitembea wakiwa wamevaa mifuko ya takataka kichwani, wengine wakiwa wamebeba watoto mabegani. Nilikuwa nikitembea simu mkononi, macho kwenye ile alama nyekundu, jambo ambalo hata mgeni wa jana hafanyi katikati ya jiji.

Nilijibanza kwenye baraza la duka la nguo karibu na University Way ili nisome ramani vizuri. Pembeni yangu alisimama mzee mmoja mwenye koti la suti lililolowa mpaka likabadilika rangi. Shingoni alikuwa na kitambulisho cha kazi, lakini kilikuwa kimegeuka, sikuona picha.

"Mama, ficha hiyo simu," akaniambia. "Vijana wa hapa wanapenda mvua."

Nikaisukuma kifuani. Akaongeza, "Naona na wewe unaenda Kileleshwa. Mimi pia. Twende pamoja."

Alijuaje kama hakuwa ameichungulia simu yangu? Nikamwambia uongo wa kwanza ulionijia: "Naenda kwa mume wangu. Ni polisi."

"Vizuri sana. Kituo gani?"

Nikakohoa. Mzee akatabasamu, akafungua mwavuli wake uliovunjika fimbo moja. "Naitwa Okumu. Niko wizarani, karibu nistaafu. Tufanye hivi: mimi nitatembea mbele, wewe nyuma. Mwizi hatembei mbele."

Tukaenda hivyo, yeye mbele mimi nyuma, nikikagua kila alipotia mkono mfukoni.

Uhuru Highway ilikuwa mto. Nasema hivi bila kuongeza chumvi. Mabasi yalikuwa yamesimama, maji yakipita kati ya magurudumu, na abiria wakitazama kutoka madirishani kama watu walio kwenye picha. Watu walikuwa wakivuka kwa kushikana mikono mstari mrefu, mgeni kwa mgeni. Mbele yangu alikuwa Okumu, nyuma yangu mama mmoja aliyebeba kuku ndani ya kikapu. Ilibidi nimpe mzee mkono. Mwingine nikaukandamiza kifuani juu ya simu, yule mama akanishika nguo.

Tukiwa katikati, simu ikatetemeka kifuani. Sikuweza kuitoa. Tulipofika ng'ambo nikajifuta kidole kwenye nywele, mahali pekee palipokuwa na ukavu kidogo chini ya kitambaa, nikafungua.

"Anasema hakuna mbwa. Alikufa."

Nilikasirika hadi nikahisi joto. Lilikuwa jibu la kijanja. Asiyejua jina la mbwa anasema mbwa amekufa, basi, mtihani umeisha! Bosi alikuwa mzima. Nilimwacha mzima Krismasi akibwekea boda boda.

State House Road

Kupanda State House Road kulikuwa na afadhali, kwa sababu ni juu na maji yanakukimbia badala ya kukufuata. Nilijaribu kumpigia mama, Mwaitu kama tunavyomwita kwetu. Simu ilikataa hata kuita. Nikajaribu tena, ikakataa tena.

"Netwaki imejaa," Okumu akasema bila kugeuka. "Kila mtu anapiga. Tuma meseji ya kawaida. Hiyo hupenya."

Nikamwandikia Mwaitu: "Bosi yuko wapi?" Najua ni swali la ajabu kumtumia mama yako katikati ya gharika.

Tulipumzika chini ya kibanda cha askari wa geti fulani. Okumu akatoa njugu karanga kwenye karatasi, akaninyooshea. Nikakataa. Nairobi hii watu wamewekewa dawa kwenye vitu vitamu zaidi ya njugu, wakaamka kesho yake bila viatu. Alinitazama, akazila zote yeye mwenyewe polepole, mpaka ya mwisho, na mimi nikabaki na njaa yangu na akili yangu timamu.

Kisha simu yake ikalia. Ni kundi la meseji la wapangaji wa mtaa wao, akaniambia, mke wake pia yumo. Mke alikuwa salama gorofa ya juu, akituma picha za barabara: hapa panapitika, hapa hapapitiki. Lakini sasa mtu alikuwa ametuma video ya daraja likichukuliwa na maji, na chini ameandika kwamba ni lile la karibu na Arboretum, lililokuwa mbele yetu.

Mzee akakata tamaa waziwazi. "Hapo basi. Turudi tuzunguke kwa Westlands."

Kuzunguka Westlands ni kutwa nzima kwa hali ile. "Hebu nione," nikasema.

Niliitazama mara mbili. Kazi yangu ni kuangalia picha za watu na kutafuta makosa kabla hazijachapwa. Lile lori lililosimama kabla ya daraja lilikuwa limekaa upande wa kulia wa barabara. Na magari yote yaliyo nyuma yake, kulia.

"Mzee, hapa si Kenya," nikamwambia. "Angalia magari. Yanaendeshwa kulia."

Akavaa miwani. Akaangalia, akacheka kwa sauti, akaanza kuandika kwa kidole kimoja kulikemea kundi zima. Tukaendelea mbele. Daraja lilikuwepo. Maji yalikuwa yakinguruma chini yake kwa namna ya kutisha, lakini lilikuwepo, na tulilivuka mbio tukiwa tumeshikana mikono bila mtu kuombwa.

Ni pale ng'ambo ya daraja Mwaitu aliponipigia. Sijui netwaki ilipatia wapi nguvu.

"Nani amekuambia?" akauliza kabla hata ya salamu, kwa Kikamba.

"Ameniambia nini, Mwaitu?"

"Bosi. Aliumwa na nyoka. Sikutaka kukusumbua, unavyompenda. Mumbua tu ndiye nilimwambia, alipiga simu siku tunamzika. Amekuambia, eeh? Nilimkataza."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nadhani nilimwambia kwamba mvua ni nyingi na tutaongea. Nikaketi kwenye ukingo wa barabara, maji yakipita chini yangu. Mbwa amekufa, na Mumbua peke yake ndiye aliyejua. Basi Mumbua alikuwa pale. Alikuwa pamoja na huyo mtu, hai, akijibu maswali yangu ya kijinga huku maji yakipanda.

Nikamweleza mzee kila kitu. Hakunilaumu. Aliandika mara moja kwenye kundi: kuna watu wamekwama nyuma ya fleti fulani, tafadhali walio karibu waangalie. Majibu yakaja mfululizo. Mmoja akasema hizo ni habari za uongo za kuwatoa watu nyumbani ili waibiwe. Mwingine akauliza hiyo namba ni ya nani. Wa tatu akasema msimamizi ameshahakikisha. Okumu akawauliza kama kuna mlinzi yeyote ndani ya kundi anayeweza kuthibitisha. Hakukuwa na hata mmoja. Walinzi hawakuwa wamewahi kuwekwa humo.

Nikamwandikia Wafula: "Tunakuja. Mwambie Mumbua nakuja."

Hakujibu.

Kileleshwa

Okumu alikuwa na ramani aliyoihifadhi kwenye simu siku nyingi, isiyohitaji bando wala netwaki, na ilionyesha vijito vyote kwa mistari ya buluu. Alituweka juu, mbali na mistari hiyo, hata pale njia fupi ilipopita bondeni. Mara mbili niliudhika kwa kuzungushwa, na mara zote mbili tulipochungulia kule chini tuliona maji yamefunika magari mpaka vioo.

Kwenye geti la fleti za akina Mumbua tulimkuta msimamizi wa jengo, mtu mnene aliyevaa buti za mpira, pamoja na vijana wachache wa mtaa waliokuwa na kamba.

"Nilishamwambia madam," akasema. "Huko nyuma watu walitoka wote. Nilipiga kelele, hakuna aliyeitika."

"Uliingia?"

"Ukuta umeanguka, mama. Nitaingiaje?"

Nikamwonyesha alama. Akaisogeza sogeza kwa kidole chake kinene, akatingisha kichwa. "Hapa si kwetu. Hii alama iko kwa jirani."

Kweli. Nilipoikuza, ilikuwa imetua ndani ya uwanja wa jirani. Tukakimbilia huko. Tulikuta bustani iliyogeuka ziwa, gari jeupe likielea huku limeinamisha pua, na viti vya plastiki vikizunguka kama bata. Hapakuwa na mtu. Vijana waliita, wakapiga miluzi. Hakuna kitu.

Msimamizi akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichoma. "Unaona? Umechezewa, mama. Hawa watu wa simu..."

Nakiri kwamba pale shaka yote ilirudi kwa mpigo. Nilijiambia labda alimteka Mumbua, ndiyo maana alijua habari ya mbwa. Labda alitaka nifike mahali hapa. Nikaandika kwa hasira, vidole vikiteleza: "Mwizi wewe. Mdogo wangu yuko wapi? Mungu anakuona." Nikatuma. Ujumbe ukazungukazunguka bila kuondoka.

Badala yake ukaingia wake, ambao sijui aliutuma saa ngapi: "Mko wapi? Nazima simu halafu nawasha, chaji isiishe. Tuko juu ya jukwaa la simiti nyuma ya matangi. Mumbua anatetemeka sana."

Okumu aliusoma begani kwangu. Safari hii sikumficha. "Hizi alama hukosea kidogo kukiwa na kuta na mawingu," akasema. "Mwambie awashe tochi. Ainyanyue juu. Sisi tutafute mahali pa kuonea."

Nikaandika, na huu ukapita. Kisha nikakimbia, nikapanda ngazi za fleti mpaka juu kabisa kwenye paa la kuanikia nguo, ndala moja ikabaki njiani. Paa lilikuwa tupu, kamba za nguo zikipigwa na upepo. Kwa sababu ya wingu, mchana ulikuwa kama magharibi. Nilisimama ukingoni nikatazama nyuma ya jengo. Niliona maji, matangi meusi, na vipande vya ukuta. Niliona godoro likipita. Sikuona mtu.

Kisha mwanga. Mdogo, mweupe, nyuma ya tangi la mwisho. Ukazimika. Ukawaka tena.

Nilipiga kelele hadi sauti ikapasuka.

Waliokuwa chini wakanielewa kwa mkono nilionyoosha. Vijana walifunga mitungi mitupu ya maji kwenye kamba, wawili wakaingia, na huyo msimamizi niliyekuwa nikimchukia aliingia pia, na buti zake, maji yakamfika kifuani. Yule wa mbele alipokanyaga shimo na kupotea kabisa, nilifunga macho. Nilipoyafungua alikuwa ameshika bomba la tangi, akitema maji.

Mumbua alitolewa kwanza. Alikuwa amevaa koti la mlinzi lililomfika magotini, miguu mitupu, midomo ya rangi ya majivu. Nilimkumbatia nikamwuliza anaumwa wapi, akashindwa kujibu kwa kutetemeka. Kisha akaja mwanamume mwembamba, kijana wa rika la Mumbua, shati limeng'ang'ania mbavu. Ndani ya kofia yake alikuwa amefunga simu kwenye pakiti ya unga.

Neno langu la kwanza kwa mtu huyo, mbele ya watu wote, lilikuwa: "Namba yangu ulitoa wapi?"

Okumu akageukia pembeni. Mumbua ndiye aliyejibu, meno yakigongana. "Ni mimi, Nduku. Si ulinilazimisha kuishika kwa kichwa nikija Nairobi? Ndiyo namba ya pekee naijua. Tulipiga zile za dharura zikakataa. Zingine zote zilikuwa kwa simu yangu."

Waiyaki Way

Okumu alitupeleka kwake. Mke wake akampa Mumbua sweta na soksi, akatupa chai kwenye vikombe vikubwa, na mimi nikala njugu karanga alizoleta kwenye bakuli bila kuuliza chochote. Alitaka tulale hapo. Lakini watoto wangu walikuwa peke yao Mountain View, na mvua ilikuwa imepungua. Mlangoni mzee akaniambia, "Msalimie yule polisi," nikaona aibu hadi nikacheka.

Wafula alikuwa akienda Kangemi, anakoishi, kwa hiyo tulikuwa watu watatu. Barabara ya Waiyaki ilijaa watu wanaotembea kama siku ya maandamano, ila hakuna aliyekuwa akiimba. Nilimweka Mumbua katikati. Halafu nikaona nimekosea, nikahama nikakaa katikati mimi.

Maana bado nilikuwa na maswali. Mlinzi wa geti alifanya nini nyuma ya jengo, kwenye vyumba vya wasichana wa kazi, siku ya ofu ya mdogo wangu? Kazi yake si ni mbele? Na kwa nini Mumbua alikuwa akimwita Wafu, kama mtu anayemjua?

Kangemi tuliingia kwenye hoteli ndogo, tukaagiza chapati na maharagwe. Mwenye hoteli alikuwa na stima bado, akamchomekea Wafula simu. Nikaanza.

"Nyumbani ni wapi?"

"Butere, dada."

"Umeoa?"

Akamtazama Mumbua, kisha sahani yake. "Bado. Lakini si haraka hivyo."

Mumbua alipaliwa na chai. Mimi nilikuwa nikiuliza kama askari, yeye akajibu kama mtu anayeposewa. Mwenye hoteli nyuma ya kaunta akajifanya anapangusa glasi.

Hapo ndipo simu ya Wafula ilipopata uhai, ikalia. Ujumbe uliokuwa umekwama angani tangu kwa jirani ulikuwa umemfikia. Aliinuka akausoma pale ukutani. Mwizi wewe. Mungu anakuona. Nilitamani meza inimeze. Aliurudia kwa macho, akaiacha simu iendelee kuchaji, akarudi kukaa.

"Chai itapoa, dada," akasema.

Tuliagana naye kwenye kona ya soko. Nilimpa mkono, nikasema asante, na ilikuwa asante ya kweli lakini fupi, kwa sababu lile swali la nyuma ya jengo lilikuwa bado limenikaa kooni.

Mountain View

Watoto walikuwa wamekula mkate wote na kuwasha mishumaa isiyohitajika, kwa kuwa stima ilikuwepo. Nilichemsha maji, Mumbua akaoga kwa muda mrefu. Tulimpigia Mwaitu kwa video, akamwona usoni, akalia kwanza ndipo akauliza. Kisha akatulaumu wote wawili, mmoja kwa kukaa karibu na mto, mwingine kwa kumwuliza kuhusu mbwa badala ya kusema ukweli.

Watoto walipolala, nikamwuliza Mumbua lile swali. Nilimwuliza kwa upole, lakini nilimwuliza. Wafula alitafuta nini mlangoni pako?

Alikuwa amejifunika blanketi langu mpaka kidevuni.

"Nilikuwa nimelala," akasema. "Mvua ilinikata safari ya kuja kwako, nikarudi nikajifungia. Nikasikia mtu anagonga mlango kwa nguvu. Nikauliza nani, akasema ni Wafula wa geti, fungua. Nduku, si ulinifundisha? Usifungulie mwanamume mlango, hata akisema nini. Nikakataa."

"Akafanya nini?"

"Akasema maji yanakuja, ukuta umeanza kulia. Nikamwambia ni mwongo, maji gani, mimi sioni maji. Chumba hakina dirisha la upande huo. Akagonga tena. Nikamwambia akigonga mara nyingine nitapiga nduru watu wote wamsikie."

Akavuta blanketi.

"Akasema, 'Piga. Tafadhali, Mumbua, piga sana. Mimi nimepiga mpaka sauti imeisha.'"

Nikamsogelea.

"Nikapiga," akaendelea. "Kwa hasira, ili ashikwe. Nikapiga kwa nguvu zangu zote, na yeye huko nje akanisaidia, tukawa tunapiga nduru wawili, mlango katikati. Hakuna mtu aliyekuja. Mvua ilikuwa inatufunika. Nilipoona maji yanaingia chini ya mlango ndipo nilifungua. Yalikuwa yamemfika magotini, Nduku. Alikuwa amesimama hapo wakati wote huo."

"Angeweza kwenda," nikasema.

"Nilimwuliza hivyo tukiwa juu ya simiti. Akasema hakujua kama naweza kuogelea." Akafumba macho. "Halafu ndipo akatoa simu, akaniuliza kama kuna mtu yeyote ambaye namba yake naijua kwa kichwa."